Andaa njia kabla ya kupanga picha

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba ulijaribu kuhifadhi hoja za hotuba yako kwa njia ya jumba la kumbukumbu, yaani kuzigeuza picha na kuziweka akilini katika vyumba vya nyumba unayoishi, lakini uliposimama kuzungumza picha zilichanganyika na ukalazimika kurudi kwenye karatasi. Umehitimisha kwamba huna kipaji cha kuwaza picha. Mimi nimetumia njia hii kwa miaka mingi, katika mitihani na baadaye katika kazi inayonitaka kuzungumza mbele ya watu, na sikubaliani na hitimisho lako. Kwa jinsi ulivyoeleza, ulianza kuweka picha kabla ya kuandaa mahali pa kuziweka.

Kuishi katika nyumba hakutoshi kuifanya iwe tayari kwa kazi hii. Kabla ya kuhifadhi jambo lolote, funga macho uingie kwa mlango wa mbele, kisha uchague vituo kwa mpangilio mmoja usiobadilika: mlango, kiti kilicho karibu nao, dirisha, meza, na kuendelea hivyo bila kurudi ulikotoka. Vitaje vituo hivyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu kuanzia mwisho hadi mwanzo, mpaka usisite popote. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu inachosha. Warumi hawakuiruka: Rhetorica ad Herennium, mwongozo wa Kilatini wa ufundi wa kuhutubia ulioandikwa katika miaka ya 80 kabla ya Kristo, unashauri kwamba vituo visifanane mno, visiwe na mwanga mkali wala giza, viachane kwa takriban futi 30, na kila kituo cha tano kitiwe alama, kwa mfano mkono wa dhahabu, ili mtu ajue amefika wapi. Ukitumia viti vinne vinavyofanana kuizunguka meza moja, usishangae hoja ya pili ikijitokeza mahali pa nne.

Suala la mwanga si dogo hata kidogo. Mwanasaikolojia Alexander Luria alimchunguza kwa miaka mingi Solomon Shereshevsky, mwandishi wa habari wa Urusi aliyekuwa na kumbukumbu ya ajabu, ambaye alipanga vitu akilini kando ya barabara aliyoifahamu. Mara chache aliporuka kitu, sababu ilikuwa kwamba hakukiona: yai, kwa mfano, alikuwa ameliweka mbele ya ukuta mweupe. Baadaye akawa anavikuza vitu na kuviangazia mwanga. Nami hufanya vivyo hivyo. Kona yenye giza huiwekea taa ya kufikirika au huiacha kabisa.

Vituo vikishakuwa imara, picha huja kwa urahisi zaidi, mradi tu zitende jambo na zigusane na kituo chenyewe. Hoja kuhusu mfumuko wa bei inaweza kuwa donge la unga uliotiwa hamira linalofumuka hadi linaziba mlango, nawe unalisukuma kwa bega huku ukisikia harufu yake. Dhana isiyoonekana kwa macho, kama uwajibikaji, mimi humpa mtu ninayemfahamu ambaye hachelewi kamwe, nikamsimamisha juu ya meza akiwa ameshika saa. Picha ya kuchekesha au ya aibu hukaa zaidi kuliko ya heshima, na kwa kuwa hakuna atakayeiona, usijibane.

Kwa hotuba, weka hoja moja katika kila kituo, wala usijaribu kuweka maneno yote. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa Kirumi, alitilia shaka njia hii kwa hotuba ya neno kwa neno, kwa sababu viunganishi havina picha, na uzoefu wangu unamuunga mkono. Tena, usiitumie nyumba moja kwa hotuba mbili zinazofuatana kwa karibu, kwa maana picha za zamani hukawia kuondoka. Tenga njia kadhaa za vituo, ukiiacha kila moja ipumzike.

Kuhusu kipaji, mwaka 2017 mtafiti wa ubongo Martin Dresler na wenzake walichapisha matokeo ya mafunzo ya watu wa kawaida waliofanya mazoezi ya njia hii kwa nusu saa kila siku kwa siku 40. Awali walikumbuka kwa wastani maneno 26 kati ya 72. Baada ya mafunzo walikumbuka 62. Hata hivyo, usitarajie kwamba njia hii itakukumbusha ulikoacha funguo, kwa sababu inahifadhi tu kile ulichokusudia kukihifadhi.

Pitia njia yako ya vituo jioni ileile uliyoiandaa, kesho yake, na asubuhi ya siku ya hotuba. Ukiwa jukwaani ukakuta kituo kitupu, usisimame hapo kukitafuta kilichopotea. Songa mbele hadi kituo kinachofuata, kwa kuwa picha yake haikutegemea ile iliyotangulia. Aliyekariri mfululizo wa maneno hana nafasi hiyo. Mara nyingi hoja iliyokosekana hurejea wakati unazungumzia nyingine, nawe unaweza kuiingiza bila msikilizaji kujua kwamba iliwahi kupotea.