Aliyehitaji rafiki ni wewe, si kijana

*Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka 13. Wenzake walimcheka kwa kigugumizi hadi nikamtoa shuleni akiwa Gredi ya 7, na mwaka wa pili huu namfundisha mwenyewe hapa Kitengela. Mume wangu, dereva wa trela za Malaba, anataka arudi shuleni. Mamake anamchochea, eti Desemba kijana alishinda ndani wenzake wakicheza mpira. Si asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu? Mimi na mwanangu ni marafiki, hatuhitaji mtu. Nifanyeje wanielewe?*

Marahaba, mwanangu, na pole. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na shule iliyonyamaza mtoto akichekwa iliwakosea nyote. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta kijana mwenyewe anasemaje. Hayumo. Nimekuta "hatuhitaji mtu". Mume yuko barabarani, nyumba imepoa, na umemfanya mtoto kuwa mwenzako wa kupiga gumzo. Mzigo huo si wa umri wake. Mama mkwe wako hachochei. Aliona mjukuu anaogopa watoto wenzake, akasema.

Sikatai masomo ya nyumbani. Nawajua watoto waliosomea nyumbani wakafaulu, maana hesabu hurudiwa hadi iingie, jambo gumu kwa mwalimu mwenye darasa la watoto hamsini. Lakini wazazi wao hukutana na wenzao kila wiki. Watoto huogelea pamoja, wakagombana, wakapatana. Wako anagombana na nani? Mwenye kigugumizi hujenga ujasiri kwa kusema na watu wanaomsubiri amalize, na watu hao wasiwe mama peke yake.

Halafu kuna alama. Kuingia sekondari pevu, yaani Gredi ya 10, mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 una asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 asilimia 60. Hizo za katikati hutolewa na walimu shuleni. Zake ziko wapi? Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtoza mzazi asiyempeleka mtoto shule faini ya hadi Sh100,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Mumeo ana haki ya kukosa usingizi.

Nawe ulimtoa mtoto shuleni baba yake akiwa safarini, sivyo? Hukuandika, lakini nimeelewa. Ndoa nyingi siku hizi zinaharibikia hapo: mmoja anaamua, mwingine anaarifiwa kwa simu, kisha aliyearifiwa akilalamika anaitwa mkorofi. Mtoto ni wa wawili hata kama mmoja analala Malaba.

Na hiyo methali haikusema mtoto afunzwe na mamaye pekee.

Mumeo akirudi, mpikie, mketi, umwombe radhi. Tafuteni shule nyingine, mwende pamoja kwa mwalimu mkuu mkamweleze habari ya kigugumizi kabla kijana hajakanyaga darasani. Ulizeni hospitali ya kaunti kuhusu mtaalamu wa usemi. Na likizo ya Agosti mpeleke kwa nyanya yake, umwache huko, wewe urudi Kitengela.