Mwalimu, Weka Kalamu Nyekundu Kando Kwanza

Juzi mwalimu mmoja wa sekondari ameniandikia akilalamika kwamba wanafunzi wake hawana ubunifu: kila hadithi inaanza na jogoo kuwika na kuishia na "kumbe ilikuwa ndoto". Nimecheka, halafu nikakasirika kidogo. Jogoo huyo tumemfuga sisi wenyewe. Tunawakaririsha mianzo ya kupendeza, tunawapa orodha ya methali na tamathali za kupambia insha, tunawakata maksi wasipozitumia, kisha tunashangaa wote wanaandika kitu kilekile.

Mimi nilikuwa na kikundi cha uandishi shuleni, baada ya vipindi. Sharti lilikuwa moja: hakuna maksi. Mtu anasoma alichoandika kwa sauti, wenzake wanamwambia walichokiona na walichobaki wakitaka kujua. Basi.

Alikuwepo binti mmoja ambaye kwenye insha za darasani hakuwahi kufika hata nusu ya maksi. Siku moja kikundini alikuja na sentensi moja tu: "Baba alirudi usiku akiwa amevaa kiatu kimoja." Akainamisha kichwa, akisubiri kuchekwa. Kijana aliyekaa nyuma akauliza, "Cha pili kiko wapi?" Binti akajibu kwamba hajui bado. Tulipokutana tena alikuja na daftari limejaa. Kiatu kilikutwa mlangoni kwa jirani, na nyumba nzima hakuna aliyethubutu kumuuliza baba. Makosa ya tahajia yalikuwa tele, lakini aliyasaka mwenyewe baadaye, kwa sababu sasa alitaka hadithi yake isomeke. Bado anaandika hadi leo, na rasimu ananitumia mimi kwanza. Najivunia, sifichi.

Kikundi chenyewe kilifungwa. Mkuu wa shule alinisimamisha mbele ya walimu wenzangu akasema hadithi haziji kwenye mtihani, kama vile nimekamatwa naiba chaki. Sijasahau. Laiti ningemtajia S. E. Hinton wa Marekani, aliyeanza riwaya yake ya kwanza akiwa na miaka 15, bado mwanafunzi. Ilichapishwa mwaka 1967. Na mwaka uleule aliokuwa akiiandika, somo la uandishi wa kubuni alipata D! Maksi zilipima nini hapo?

Kwa hiyo, mwalimu, kabla hujasahihisha, uliza. Swali moja la kweli kuhusu hadithi, la mtu anayetaka kujua kilichotokea. Wape pa kuanzia padogo: kitu kilichopotea, uongo uliogunduliwa, ugomvi waliousikia ukutani. Nusu ukurasa inatosha. Nawe kaa uandike pamoja nao, usome chako, wakikosoe. Usiwaambie wawe wabunifu huku wewe hujaandika hadithi tangu utoke chuoni. Na narudia, usitoe maksi. Insha za mtihani zina siku yake. Wafundishe hizo pia, ila usizichanganye na hizi.

Kuna watakaokataa kusoma mbele ya wenzao. Usiwalazimishe. Waruhusu watumbukize karatasi zisizo na jina kwenye boksi, uzisome wewe kwa sauti, vizuri, bila kejeli. Wakiona kazi zimepokelewa, wengi watakufuata wenyewe baada ya kipindi kukunong'oneza, "Mwalimu, ile ilikuwa yangu."