Kabla hujanunua gari ya umeme hapa Mombasa, angalia kwanza inalala wapi

Kila nikiegesha pale mjini lazima atokee mtu wa kuniuliza, dada hii gari ya stima vipi, ninunue saa hii ama nisubiri? Na kila mtu anataka jibu la neno moja, ndio ama la. Sasa nimeamua niandike yote niliyoyaona kwa miaka hii niliyoendesha, manake nimeshachoka kueleza nusu nusu huku foleni ya nyuma inapiga honi, na pia kuna makosa yalinigharimu pesa ambayo sitaki mwengine ayarudie.

Nlinunua mwanzo wa 2024. Kilichonisukuma ni petroli. Oktoba 2023 lita ilifika shilingi 217 Nairobi, na sisi huku tulikuwa chini kwa shilingi chache tu ingawa meli za mafuta zinashusha hapa hapa Kipevu tunaziona kwa macho. Nlikuwa na Vitz. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, asubuhi napeleka watoto shule, mchana narudi mjini, jioni foleni, na mwisho wa mwezi nikipiga hesabu naona karibu robo ya mshahara imeingia kwenye tangi.

Basi nikaenda yadi moja, sitaitaja. Nikaonyeshwa Nissan Leaf ya 2016 imetoka Japani, ndani safi, viti havina hata doa, redio inaongea Kijapani. Muuzaji akaniapia kabisa kwamba ukiijaza inakwenda kilomita 200. Sasa sikilizeni hapa vizuri manake hapa ndo watu wengi wanaumia. Kwenye dashibodi ya Leaf, pembeni kabisa mwa geji ya chaji, kuna vijistari vyembamba vimepangana kwenda juu. Gari ikiwa mpya viko 12. Yangu ilikuwa na 9. Nliviona kwa macho yangu lakini nlidhani ni chaji tu imepungua na nikiijaza vitapanda. Havipandi! Vile vinaonyesha uzima wa betri yenyewe, kikishaanguka kimeanguka, na kile cha kwanza peke yake kikianguka ujue betri imeshapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake. Nlipoichaji ikajaa na kuanza kuendesha nikapata kilomita 85 hivi, AC ikiwa imewaka. Hizo 200 ni za gari mpya kwenye vipimo vya kiwandani, si za gari ya miaka minane kwenye jua la Mombasa.

Kwa hivyo usiende yadi mikono mitupu. Kuna kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kinaungana na simu kwa bluetooth, halafu kuna programu inaitwa LeafSpy, inakusomea hali ya betri selo moja moja na kukupa asilimia ya afya yake. Dakika kumi tu. Muuzaji akikukataza kuipima, aga uende zako, hata kama rangi imekupendeza vipi.

Na joto letu msilidharau. Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza kama zilivyo gari nyingi za umeme za siku hizi, inategemea hewa tu. Mwaka 2012 wenye Leaf kule Arizona, Marekani, sehemu ya jangwa, walilalamika sana vistari vyao vinaanguka haraka kwa ajili ya joto. Sisi hatufiki joto la Arizona lakini Februari na Machi mnazijua wenyewe, saa nane mchana lami inanuka. Mimi naegesha kivulini kila nnapoweza, siiachi imejaa asilimia 100 ikishinda juani, na nikitoka safari na gari imechemka nangoja jioni ipoe ndo nachaji. Yangu bado iko kwenye 9, Alhamdulillahi.

Lakini kilichonitesa zaidi ya betri ni mahali pa kuchajia.

Wakati nanunua nlikuwa nakaa flati Tudor, ghorofa ya pili, gari inalala barabarani chini. Nikaona si neno, nikanunua ekstensheni ndefu ile ya kawaida ya dukani, nikaipitisha dirishani, nikaifunga kwenye grili isipeperuke, ikashuka hadi kwenye gari. Wiki ya kwanza sawa. Wiki ya pili usiku kama wa saa saba nikashtuka usingizini nasikia harufu ya plastiki inaungua. Kufika sebuleni soketi imegeuka kahawia, upande mmoja imevimba na kulainika kama nta, na ule waya uliobaki umeviringwa chini ya dirisha ukiushika unachoma mkono. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Mpaka leo nikikumbuka moyo unadunda.

Fundi alipokuja akanieleza vizuri, na mimi nawaeleza vilevile. Pasi unaitumia dakika kumi unaizima, jiko la stima nusu saa, lakini gari inavuta umeme mwingi masaa nane mfululizo bila kupumzika. Soketi ya kawaida ya nyumba haikutengenezwa kwa kazi hio, sembuse ekstensheni nyembamba tena iliyoviringwa, ule mviringo unahifadhi joto. Gari inataka laini yake pekee kutoka kwenye boksi ya fyuzi, waya mnene wa milimita 6, breka yake mwenyewe, na waya wa athi uliofika ardhini kweli, manake nyumba zetu nyingi za zamani athi iko kwa jina tu.

Nikaenda kwa mwenye nyumba kumuomba anikubalie nitoboe ukuta nishushe laini mpaka chini kwa pesa yangu. Akakataa, na sikumlaumu sana, akasema leo wewe, kesho flati zote kumi, na waya zitaning'inia kama kamba za kuanikia nguo. Nlikaa miezi mitatu naombaomba chaji, siku moja kwa shoga yangu Nyali, siku moja ofisini, mara nyengine naegesha gari kwa watu nikirudi nyumbani na tuktuk. Mwisho tukahama, tukapata nyumba Bamburi yenye ua wake na mita yake. Fundi akaweka ile laini siku moja tu, na tangu siku hio matatizo ya chaji yakaisha. Naingia saa moja usiku, nachomeka, nalala, asubuhi imejaa.

Ndo maana mtu akiniuliza kama gari ya umeme iko tayari, mimi namuuliza wewe unalala wapi. Una pa kuegesha pako? Mita ni yako? Ukiwa navyo hivyo viwili na mizunguko yako ni ya mjini, nakwambia kwa moyo mmoja nunua. Ukiwa unakaa flati Majengo ama Mji wa Kale ambako hata baskeli unatafuta pa kuiweka, subiri kwanza, ama ongea na mwenye nyumba mpaka mwafikiane kwa maandishi kabla hujatoa hata shilingi.

Kaka yangu ndo mpinzani wangu mkubwa kwa haya mambo. Yeye ana Probox, anabeba mboga kutoka Wundanyi usiku anashusha Kongowea alfajiri. Tukikutana jioni kwenye kahawa kwa mzee ubishi hauishi. Ananiambia dada, hio yako ifikishe Voi tu nami ntainunua kesho. Na ni kweli haifiki, Voi ni kama kilomita 150 na ukitoka hapa baharini ni kupanda tu, Mazeras, Mariakani, huko juu, na mzigo ndo unazidi kumaliza chaji. Hata ukitafuta chaja ya haraka njiani, Leaf inatumia plagi ya Kijapani ya CHAdeMO, na magari mengi mapya ni CCS2 ama zile za Kichina za GB/T, kwa hivyo chaja yenyewe unaweza kuikuta na isiingie. Kwa kazi ya kaka yangu petroli bado haijapata wa kuitoa na nimemkubalia mbele za watu.

Lakini naye alikubali siku nilipomchukua kwenye feri Likoni. Foleni ndefu ile ya Ijumaa, tumekaa karibu saa nzima, Probox na matatu pembeni yetu zinanguruma, moshi unaingia madirishani, sisi tumefunga vioo, AC inapuliza, gari kimya kabisa. Akatazama geji, chaji imeshuka kidogo tu. Gari ya mafuta inachoma hata ikiwa imesimama, hii ikisimama imesimama, na sisi watu wa Mombasa nusu ya maisha tunayamalizia kwenye foleni.

Tuje kwenye pesa. Kwa siku naenda kama kilomita 40. Kilomita hizo zinakula yuniti 6 au 7, na tokeni ya shilingi 1,000 kwangu inanipa yuniti 35 hivi, kwa hivyo siku haizidi shilingi 200. Ile Vitz kwa foleni zetu ilikuwa inakunywa lita 3 na kidogo, ukiipiga hata kwa 175 lita ni karibu 580. Hapo sijaweka oili ya injini, filta ya oili, plagi, hakuna hata kimoja cha hivyo kwenye Leaf, na brekipedi zinadumu manake ukiachia eksileta gari inajipunguza mwendo yenyewe na kurudisha chaji kidogo. Bushi na tairi lakini zinaisha vilevile, mashimo hayajui kama gari ni ya stima. Halafu tangu 2023 kuna bei maalum ya umeme wa kuchajia magari, ilipoanza ilikuwa shilingi 16 kwa yuniti na 8 saa za usiku kabla ya kodi, lakini inataka mita yake peke yake. Mwenye tuktuk ama magari kadhaa aiulizie, itamfaa sana.

Kitu kimoja kidogo watu hawakijui, ndani kuna pia betri ndogo ya kawaida ya volti 12 kama ya gari yoyote. Ikifa hio, gari haiwaki hata kama betri kubwa imejaa pomoni. Yangu ilikufa asubuhi ya mtihani wa mtoto. Badilisha mapema.

Na stima ikikatika? Inakatika, mnajua. Transfoma ya mtaani kwetu iliungua tukakaa siku mbili, ya kwanza nikaenda na chaji iliyobaki, ya pili nikapanda matatu. Ndo maana nimejifunza kutoiacha ishuke chini ya asilimia 40 nikiwa nyumbani. Kilifi nshakwenda nayo, mazikoni, nikafika na asilimia 35, nikachomeka kwa mama mdogo masaa manne mpaka hitma ikaisha. Nikamtumia 500 za tokeni kwa M-Pesa, akanirudishia kwa hasira, ati mgeni halipi maji ya kunywa. Alisema vizuri, lakini nyinyi msiende kuchomeka kwa watu bila kuomba, yuniti 12 si kidogo.

Wanaosema nchi za Afrika haziwezi magari ya umeme, Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya kibinafsi ya petroli na dizeli. Sisi umeme wetu mwingi unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana, hatuuagizi kwa meli kama petroli. Ningependa sana kuona kaunti yetu inawalazimisha wanaojenga flati mpya waweke laini za chaji chini tangu mwanzo. Hapo hata wa Tudor watapumua.

Kuna kijana ofisini kwetu anataka Leaf ya 30 kWh, yaani yenye betri ya yuniti 30. Nlimwambia aandike kilomita zake wiki nzima, halafu aende kwa mwenye nyumba kabla hajaenda yadi. Juzi akaja na karatasi imesainiwa, amekubaliwa laini na mita yake. Jumamosi tunakwenda yadi pamoja, kile kidude ntakibeba mimi.