Mvua za Kigumba hazijaisha, zimebadili mwendo

Ndugu yangu, umeuliza kama ukodi ekari kumi Kigumba au uachane nazo, maana umeambiwa mvua za huku wilayani Kiryandongo, Uganda, zinakwisha. Nalima hapa tangu 2009. Nyuma ya jiko nimesimika kipimamvua cha plastiki, na kila inaponyesha naandika daftarini. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Mvua ipo. Nikijumlisha mwaka mzima sioni upungufu wa kutisha. Kilichovurugika ni mpangilio wake. Nilipoanza, niliwakuta wazee wakipanda katikati ya Machi bila wasiwasi, nami nikapanda nao. Siku hizi Machi inanyesha siku mbili, watu wote wanakimbilia mashambani, kisha jua linawaka wiki mbili. Mbegu inachipua na kufa. Nimewahi kupanda mara mbili katika msimu mmoja, na mbegu ya pili niliikopa. Iliniuma sana.

Ukichelewa nako kuna mtego. Longe 5, aina ya mbegu ya mahindi, inakomaa kwa siku 115 hivi. Ukipanda mwisho wa Aprili, mbelewele zinatoka mwisho wa Juni, pale pale mvua inapolegea. Jua la wiki mbili wakati huo, gunzi linabaki na punje za kuhesabu. Na joto limeongezeka, kwa hiyo unyevu uleule haukai ardhini kama zamani.

Mimi sasa nasubiri mvua ya milimita 20 ndani ya siku tatu, kisha nachimba. Udongo ukiwa na unyevu kina cha kiganja, napanda. Maharage natanguliza, kwa sababu yanavunwa kabla ukavu wa Juni haujakaza.

Msimu wa pili, Agosti hadi Novemba, ndio ninaoutegemea. Lakini nao una siku zake mbaya. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika ilipata joto kupita kawaida, na mvua ikaendelea hadi Desemba. Mahindi yalikuwa yamekauka, yakaanza kuota yakiwa kwenye gunzi. Hatukuwa na pa kuanika. Yaliingia ukungu, na ukungu huweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu, kwa hiyo sikukubali watoto wangu wayale. Maji yale hayakuishia mashambani: Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha usawa wa maji kilichopo Jinja, likaipita kwa unywele rekodi ya 1964, na watu wa kando ya Ziwa Kyoga wakahama nyumba zao. Wanaokumbuka mvua za 1961 walisema wamewahi kuliona hilo.

Kwa hiyo usiulize tu mwaka huu mvua itakuwa nyingi au kidogo. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usome pale wanapotaja tarehe za kuanza na kukoma, na vipindi vya ukavu katikati.

Kodi, ila usianze na zote kumi. Mwombe mwenye shamba mkataba uanze Julai, ulime ekari nne msimu wa pili, na hela inayobaki nunua maturubai ya kuanikia. Kabla ya kulipa, nenda ukalione shamba siku ya mvua kubwa: ukiona maji mekundu yanateremka na udongo, mwombe mwenye shamba apunguze bei au tafuta lingine.