Kabla hujaanza kuoga na simu: kwa marubani wapya mnaokuja Marekani

Mwaka wangu wa kwanza kwenye shirika la ndege hapa Marekani nilikuwa naoga na simu. Naiweka kwenye mfuko wa nailoni, naitundika kwenye bomba la pazia, sauti juu kabisa, na bado nafunga maji kila dakika mbili nisikilize. Nilikuwa akiba, yaani rubani asiye na safari zake, anayesubiri kuitwa. Wadogo zangu mnaonipigia mnauliza mshahara na aina ya ndege. Sijawahi kusikia hata mmoja akiuliza kuhusu namba yake kwenye orodha ya marubani, na namba ndiyo itakayoamua utalala wapi, utapumzika siku gani na sikukuu utakula na nani.

Mimi nilitokea Arusha, nikirusha ndege ndogo ya Caravan kupeleka watalii Seronera na Kogatende, Serengeti. Kule ukipata msiba unamwendea mkuu wa marubani, mnakaa, mnaongea, anakupangia. Ukiwa mchapakazi anakukumbuka. Nilipofika huku nikajitahidi vilevile: nawahi, nasalimia kila mtu, sikatai safari. Baada ya miezi mitatu nikaenda kwa mkuu wa marubani kumwomba Ijumaa moja. Akanisikiliza kwa upole, akageuza kompyuta nione mwenyewe. Ijumaa zile zilikuwa na wenyewe, na hakuwa na mamlaka ya kumnyang'anya mtu hata moja anipe mimi.

Ndivyo ilivyo. Siku unayoanza darasa la mafunzo unaingizwa kwenye orodha ya waliotangulia, na unapewa namba. Mlioanza siku moja mnatenganishwa kwa kanuni ya shirika. Kwetu ilikuwa umri, mkubwa mbele. Namba hiyo ndiyo inayogawa vituo, aina za ndege, ratiba ya kila mwezi, likizo na nafasi za ukapteni. Mambo yakiharibika, wanaoachishwa wanahesabiwa kuanzia mkiani. Haitazami unatua laini kiasi gani. Chama kikubwa cha marubani hapa, ALPA, kipo tangu 1931, na orodha hizi ni kitu ambacho marubani hawataki kuguswa. Mwanzoni niliona ni roho mbaya ya wazee. Siku hizi naielewa mantiki yake: bosi asiyeweza kukupa wala kukunyima safari nzuri hawezi pia kukutisha urushe ndege unayoona haifai kuruka.

Namba haihamishiki. Kapteni wa miaka kumi na tano akihamia shirika lingine anakwenda kukaa nyuma ya kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita. Kwa hiyo shirika unalotaka kuzeekea, liingie mapema, na ukipewa tarehe mbili za kuanza darasa chukua ya kwanza. Tulikuwa na mwenzetu aliyeahirisha darasa kwa mwezi mmoja kwa ajili ya harusi ya dada yake. Simlaumu, dada ni dada. Lakini mwezi ule walikuwa wanaajiri kwa fujo, na mimi nilitoka kwenye akiba miezi kumi kabla yake. Uliza pia wazee ni wangapi. Sheria ya hapa inamtoa rubani wa mashirika akifika miaka 65 (hadi Desemba 2007 ilikuwa 60), na kila anayestaafu anawasogeza wote walio nyuma yake.

Kuhusu maombi ya ratiba ya mwezi sitasema mengi, mtafundishwa. Kompyuta inaanza na namba moja, inampa anachotaka kadiri inavyowezekana, inakwenda kwa wa pili, wa tatu, mpaka kwako. Ni foleni ya bombani: ukifika, maji yaliyobaki ndiyo yako. Wenye namba nzuri wanapata laini, yaani mwezi mzima wenye safari zinazojulikana. Mnaobaki mnakuwa akiba. Kosa la wageni ni kuona wako chini wakaacha fomu tupu. Hata akiba huombwa: zamu ya alfajiri au ya mchana, siku za mapumziko ziungane au zitawanyike. Kila mwezi tazama aliyekutangulia kwa namba tatu nne alipata nini, kisha omba kitu kinachofanana na hicho. Kuomba Jumamosi zote ukiwa wa 78 kati ya 80 ni kupoteza wino.

Sasa akiba yenyewe. Kuna ya muda mrefu, ambapo unapewa nafasi ya kutosha kulala na kujiandaa kabla ya kuripoti. Kuna ya kukaa uwanjani ukiwa na sare, na ile inahesabiwa kazini tangu dakika ya kwanza. Na kuna ya muda mfupi, ambayo ndiyo maisha ya mgeni: unakaa kwako, simu ikilia una saa mbili uwe uwanjani. Saa mbili ni za mkataba wetu, wenu huenda una zenu. Kilicho cha wote wanaobeba abiria ni kanuni za serikali, Sehemu ya 117, zilizoanza kazi Januari 2014. Kabla ya zamu ya akiba lazima upate mapumziko ya saa kumi. Zamu yenyewe isizidi saa 14. Na ukiitwa, kwa safari ya marubani wawili, kazi yote iishe ndani ya saa 16 tangu zamu ilipoanza, au mapema zaidi kama jedwali la kanuni linasema hivyo.

Ile saa 16 iandikeni kwenye kiganja. Siku moja zamu yangu ilianza saa kumi alfajiri. (Huku wanaandika 0400. Mpaka leo kichwa changu kinazitafsiri saa zao kwanza, na mama akinipigia kutoka Tanga tunakuwa na saa tatu tofauti kichwani: yake, ya Chicago na ya Greenwich.) Sikuitwa asubuhi yote. Saa nane mchana simu ikalia. Mpanga ratiba alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya uchovu, akanisomea safari: kwenda, kurudi, kwenda tena, nimalize saa tatu usiku. Nikakubali, nikaanza kuvaa soksi. Soksi ya pili ikiwa mkononi nikahesabu: saa kumi alfajiri, jumlisha kumi na sita, ni saa mbili usiku. Nikampigia. Kimya kidogo, nikasikia vidole kwenye kibodi, kisha akasema, "Uko sahihi, kaka, kaa." Hakukasirika. Alikuwa na ndege nyingi na watu wachache, kompyuta yake ikampitisha. Wapanga ratiba si adui zenu. Jueni majina yao, pokeeni simu kwa adabu, lakini hesabu ya saa zenu fanyeni wenyewe kabla ya kusema ndiyo, kwa sababu leseni inayowekwa rehani ni yako, si yake.

Kuna ugonjwa mwingine wa akiba ambao haukuwa akilini mwangu: kukaa bure. Unalipwa saa za uhakika, kwetu 75 kwa mwezi, hata usipopaa. Mwezi mmoja nilirusha saa 11. Shemeji yangu alisema nimepata kazi ya kulala. Lakini kanuni inataka uwe umepaa na kutua mara tatu katika siku 90, na mimi siku zilikuwa zinaniishia. Nikapelekwa kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza urukaji, kupaa na kutua mara tatu kama mwanafunzi. Hesabu siku hizo, na ukiona zinakaribia wajulishe mapema.

Ila kosa langu kubwa halikuwa la hesabu. Nilikuwa naishi Columbus, Ohio, kwa sababu ndugu wako kule na kodi ya nyumba ni nafuu, na kituo changu kikiwa Chicago. Nikajiambia ni safari ya saa moja tu angani, nitapanda bure kiti cha ziada kwa marubani wenzangu. Mwenye laini anaweza kuishi hivyo, maana anajua anaondoka Jumatatu anarudi Alhamisi. Akiba hawezi. Unakwenda usiku wa kuamkia zamu, unalala kwenye nyumba ya marubani, vitanda vya ghorofa, watu kumi na jokofu moja, unakaa siku nne unasubiri simu, halafu unarudi. Februari moja theluji ikafuta ndege mbili za jioni, ya tatu viti vya ziada vikachukuliwa na walionizidi namba. Nikafika Chicago asubuhi, zamu imeshaanza. Nilipewa barua ya onyo, na nilistahili.

Barua si kitu. Mwaka 2009, tarehe 12 Februari, Q400 ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, aina ileile mnayoipanda Dar kwenda Mwanza. Walikufa watu 50. Wachunguzi walisema chanzo ni jinsi kapteni alivyoitikia onyo kwamba mabawa yanakaribia kupoteza nguvu ya kuibeba ndege, lakini waligusa pia uchovu: rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kupitia Memphis mpaka kituo chake Newark, na kapteni naye alikuwa amelala kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani. Kanuni za saa nilizotaja zilizaliwa na msiba ule. Lakini safari ya kutoka kwako kwenda kituoni kanuni haziihesabu kuwa kazi. Hapo unajilinda mwenyewe. Mpaka upate laini, hamia kwenye kituo chako, hata kama ni chumba kimoja na godoro. Mimi nilihamia Chicago mwezi uliofuata.

Mwaka wa pili namba ikapanda haraka, nikawa wa 12 kati ya marubani wasaidizi wa kituo chetu. Wikiendi zangu, laini yangu, mke akaanza kunizoea nyumbani. Ndipo nafasi ya ukapteni ikatoka, na namba yangu iliitosha. Namba haikubadilika, ila niliondoka juu ya safu moja nikaanguka chini ya nyingine: kapteni wa 61 kati ya 64. Mshahara ulipanda, sikukuu zikaondoka. Wapo waliokataa na wanaishi vizuri na watoto wao. Mimi nilichukua, na ile simu ikarudi bafuni.

Kuna upenyo mmoja niliougundua. Krismasi na siku ile yao ya bata mzinga ya Novemba haziniingii hata ndotoni, zina wenyewe tangu zamani. Lakini Idi hakuna anayeigombania. Kwa hiyo kila Desemba nafanya kazi bila kinyongo, na Idi naomba. Tatizo ni mwezi. Maombi yanafungwa wiki kadhaa kabla, na sisi mpaka uandame. Mwaka huu niliomba siku mbili mfululizo, nikapewa ya kwanza tu. Idi ikaangukia ya pili, ile ambayo sikupewa. Nilikula pilau saa kumi na mbili asubuhi, nimevaa sare, simu juu ya meza kando ya kachumbari. Haikulia mpaka saa nane.