Bili ya Diani: menyu inasema 6,000, mezani inakuja 8,064

Dada, umeuliza mambo mawili: kama ni halali mkahawa wa ufukweni Diani, Kenya, kukuonyesha chakula cha shilingi 6,000 halafu bili ije 8,064, na kama ulikuwa na haki ya kukataa hiyo ziada mbele ya wazazi wako. Mimi nimefanya kazi kwenye mikahawa ya Pwani ya kusini miaka mingi, kwanza mhudumu, baadaye keshia. Bili za namna hiyo nimezichapa mpaka nikazikariri, kwa hiyo nitakujibu kwa nilivyoyaona nikiwa upande wa pili wa kaunta.

Tuanze na hesabu yako mwenyewe. Chakula na vinywaji 6,000. Malipo ya huduma asilimia 10, ni 600. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, ni 960. Tozo ya utalii asilimia 2, ni 120. Hapo tumefika 7,680. Ulipotoa kadi wakaongeza asilimia 5, ambayo ni 384, ndiyo ikawa 8,064. Na hiyo 5 imepigwa juu ya kila kitu, hata juu ya kodi. Ziada yote ni 2,064, zaidi ya theluthi ya chakula mlichokula.

Kuna mwenzetu amekujibu kwamba hizo ni kodi za serikali, ulipe tu unyamaze. Hapana. Kodi ni ya serikali, sawa, lakini namna ya kuiweka kwenye menyu ni uamuzi wa mwenye mkahawa. Mikahawa mingi Kenya huandika wazi chini ya ukurasa kwamba bei zimejumuisha VAT, tozo na huduma. Ukiona maneno hayo, bei uliyoiona ndiyo utakayolipa. Wajanja ni wale wanaoandika kinyume chake kwa herufi za kusomwa kwa miwani, ukurasa wa mwisho chini ya orodha ya mvinyo, au wasioandika lolote wakategemea kwamba hakuna mtu atakayebishana mbele ya wakwe.

Sasa hiyo 960. Biashara inayolazimika kujisajili kwa VAT ni ile inayouza kuanzia shilingi milioni 5 kwa mwaka. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kutoza VAT hata shilingi moja. Banda la makuti likikuandikia asilimia 16 na halijasajiliwa, pesa hiyo inaingia mfukoni mwa mwenyewe, basi. Kujua si kazi: chukua PIN ya biashara (namba yake ya kodi) kwenye risiti, iingize kwenye kikagua PIN cha iTax, tovuti ya KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, utaona imesajiliwa kwa kodi gani.

Kama wamesajiliwa, dai risiti ya eTIMS, mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki. Ile karatasi inayoletwa ndani ya kijitabu cheusi ni bili, siyo risiti, na ile inayotoka kwenye mashine ya kadi ni ya benki. Ya eTIMS ina kimraba cha QR. Ukikipiga kwa simu unaona ankara iliyofika KRA. Hapo ndipo pa kulinganisha. Kama KRA wamepelekewa mauzo ya 6,000 na VAT ya 960 juu yake, basi kodi imekwenda panapostahili na ugomvi wako ni kwamba hukuambiwa mapema. Lakini kama walichopeleka ni jumla ya 6,000, na VAT iliyomo ndani ni kama 828 hivi (6,000 mara 16 gawa kwa 116), basi bei ya menyu ilikuwa na kodi tayari, nawe umetozwa tena mara ya pili. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mashine ya bili na mashine ya KRA zilikuwa hazisemi lugha moja, na meneja alikuwa hataki keshia aulize.

Tozo ya asilimia 2 ipo kweli. Zamani iliitwa ya "catering", sasa inakwenda kwenye Hazina ya Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, na pesa za tozo hiyo ndizo zimekigharamia Chuo cha Utalii pale Nairobi miaka yote. Inakokotolewa kwenye mapato ya biashara. Sina ugomvi nayo, ila nayo ingekaa ndani ya bei.

Malipo ya huduma ndiyo yanayoniuma zaidi, maana watu hudhani wameshampa mhudumu. Dada, wewe mwenyewe umeandika kwamba hukuacha bakshishi kwa sababu uliona "service charge" kwenye bili. Karibu kila mteja hufanya hivyo, na ana haki. Kwenye hoteli kubwa zenye mkataba na chama cha wafanyakazi, mara nyingi fungu hilo hugawanywa kwa pointi mwisho wa mwezi, na mpishi, mhudumu, hata wa kuosha vyombo anapata chake. Kwenye mikahawa midogo ya ufukweni niliyopitia mimi, mambo yalikuwa mengine. Kwanza zinakatwa glasi zilizovunjika. Kisha inakatwa meza iliyotoroka bila kulipa. Kisha unaambiwa msimu ulikuwa mbaya. Mwezi wa tano, mvua inanyesha, nusu ya Diani imefungwa, hapo hata kuuliza unaona haya. Mkahawa mmoja ulitoza asilimia 10 mwaka mzima na wahudumu hawakuwahi kuona hata karatasi ya mgao. Mteja anaondoka akijua ametulipa, sisi tunabaki tukijua ametunyima. Kwa hiyo muulize mhudumu kwa sauti ya chini, "Hii ya huduma inawafikia?" Uso wake utakujibu kabla ya mdomo. Ikiwa haiwafikii, na menyu haikuitaja, mwambie meneja aitoe, kisha umpe mhudumu mkononi unachotaka kumpa. Nimeshuhudia mameneja wakiitoa mara nyingi tu, tena haraka, kwa sababu hawataki mjadala huo usikike meza ya pili.

Kadi sasa. Benki inamkata mfanyabiashara asilimia fulani kwa kila malipo ya kadi. Tulipokuwa sisi ilikuwa mbili na nusu, mteja akitozwa tano. Tofauti hiyo ni faida nyingine iliyovalishwa jina la benki. Ukiambiwa "kadi ina asilimia 5", uliza ikiwa M-Pesa ina kitu. Ukilipa kwa Till, namba ya M-Pesa ya biashara, wewe mteja hukatwi chochote. Anayekatwa ni mwenye biashara, na ni asilimia 0.55 tu. Wakikuambia Till ina shida, tuma kwa namba ya huyu kijana "na ya kutolea", hapo shtuka. Unalipa ada ya kutuma, unalipa ya kutoa, na malipo yako hayana jina la mkahawa popote.

Wale ndugu zetu mnaokuja na kadi za Muscat, London au Minneapolis: mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa fedha ya kwenu, chagua shilingi. Ukichagua ya kwenu, kiwango cha kubadilisha kinapangwa na kampuni ya mashine, na huwa kibaya. Keshia asikubonyezee yeye. Omba ushike mashine mwenyewe.

Hukuuliza kuhusu samaki, ila umetaja kwamba baba alichagua changu kwenye sinia, kwa hiyo nitaligusa, maana pesa kubwa hupotelea hapo kuliko kwenye kodi. Menyu inasema bei kwa kilo, au inasema "bei ya siku". Mhudumu anakuja na sinia la barafu: changu, kolekole, kambakoche wawili wanaochezesha ndevu. Mzee anaonyesha kidole, kila mtu anafurahi, sinia linarudi jikoni. Mizani iko kando ya sinki. Samaki anatiwa kwenye karai la plastiki, karai linawekwa juu ya mizani, maji yanachuruzika, mtu anasoma namba na kuandika kwenye karatasi ya oda: 1.4. Hakuna aliyeirudisha mizani kwenye sifuri na karai likiwa tupu. Tuseme kilo ni 3,500. Gramu 300 za karai, barafu na maji ni shilingi 1,050, na bado hajatolewa matumbo wala magamba. Kupima samaki mbichi mzima ni desturi, wala sioni ubaya. Ubaya ni kupimia mahali usipoona na kukutajia uzito baada ya kula. Sema mapema, kwa upole: "Kaka, mpime hapa, uniandikie kilo na bei kwenye oda." Na uliza kama wali wa nazi au chipsi vimo. Mara nyingi havimo.

Baa zina yake. Jini na toniki mara nyingine bei ya menyu ni ya jini peke yake, toniki inakuja kama soda ya pembeni. Mhudumu anauliza "kubwa?", unaitikia ukidhani ni glasi, kumbe ni toti mbili. Saa ya punguzo inaisha saa moja jioni, umeagiza ikiwa bado dakika tano, oda inaingizwa kwenye mashine saa moja na dakika nane. Mashine haijui uliagiza saa ngapi. Maji ya chupa yanafunguliwa mezani kabla hujaitikia. Ukija na keki yako ya birthday kuna ada ya kuikata. Hivi vyote vinaulizwa kwa sentensi moja mwanzoni, na anayeona aibu kuuliza ndiye anayelipa.

Turudi kwenye swali lako la sheria. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakataza mtoa huduma kutoza ada yoyote, kwa jina lolote atakaloipa, ambayo mteja hakujulishwa kabla. Na Katiba, ibara ya 46, inampa mteja haki ya kupata taarifa anazohitaji. Kwa hiyo mstari wowote ambao haukuwa kwenye menyu, ukutani wala mdomoni mwa mhudumu kabla hujaagiza, ulikuwa na haki ya kuukataa. Chakula unalipa chote, hilo halina mjadala. Ukikataa, kataa mstari kwa mstari, usikatae bili nzima, maana hapo utaitiwa mlinzi na utaonekana wewe ndiye mwizi.

Anayesema suluhisho ni kula vibandani mjini Ukunda, mimi mwenyewe nakula huko na samaki ni mtamu zaidi. Lakini huyu dada aliwaleta wazazi wake waione bahari, na bei ya juu ya ufukweni si wizi. Mwenye mkahawa ana pango la kiwanja na miezi ya mvua bila wateja. Aandike changu kwa 2,500 ikiwa anataka, mradi iwe ni hiyo 2,500.

Kwa sasa, dada, hujachelewa. Piga simu mkahawani uombe risiti ya eTIMS ya siku hiyo. Wakisema hawana, hilo peke yake ni kosa mbele ya KRA. Kama una picha ya menyu kwenye simu (watu hupiga chakula, menyu huonekana pembeni, hebu angalia), itume pamoja na bili kwa Mamlaka ya Ushindani; wanapokea malalamiko ya wateja. Ile 384 ya kadi ianze kudaiwa kwanza, kwa sababu umesema uliambiwa ukiwa umeshashika mashine. Risiti ikifika, weka hapa mistari ya VAT, ufiche jina la mahali, tuisome pamoja.