Mkuu, usiflashi hiyo simu kabla ya kwenda kituoni

Acha. Usiipeleke hiyo simu kwa fundi. Umeandika kwamba wewe ni admini wa grupu la WhatsApp la kata hapo Uyole, Mbeya, lenye watu 300, mtu karusha picha ya fomu ya matokeo ya uchaguzi inayodaiwa kuchakachuliwa, polisi wamekupigia ufike kesho asubuhi, na usiku huu unataka kuvunja grupu na kuflashi simu, yaani kufuta kila kilichomo.

Kosa hili nalijua kwa gharama yake na inaniuma kukuona ukilielekea. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 22: anayefuta, kuharibu, kubadili au kuficha data kwa nia ya kukwamisha au kuchelewesha upelelezi ametenda kosa. Faini haipungui milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Kosa hilo linasimama lenyewe. Hata picha ikithibitika kuwa ya kweli, bado utaulizwa kwa nini simu imezaliwa upya saa chache baada ya kuitwa.

Lakini hasara kubwa zaidi iko kwenye kifungu cha 16, taarifa za uongo: faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Hapo inatakiwa ionekane kwamba mtu alijua taarifa ni ya uongo na alikuwa na nia, kama vile kupotosha umma au kuchafua mtu. Sasa nia yako inaonekana wapi? Humo humo kwenye grupu: nani alituma, saa ngapi, wewe ulijibu nini. Kama uliandika "jamani tusisambaze mpaka tuthibitishe", huo mstari ndio utetezi wako, na ukiflashi unauchoma kwa mkono wako mwenyewe. Wenzako wanabaki na nakala, pamoja na skrinishoti zilizokatwa zinazoonyesha kile tu wanachotaka kionekane. Ujumbe ukishaingia simu 300, hata mvua ya Tukuyu haiufuti. Utakayebaki mikono mitupu ni wewe.

Wanaoeneza huu ushauri wa "safisha simu" ni mafundi wanaotafuta hela ya siku na wanasheria wa vijiweni ambao hawajawahi kumsindikiza mtu kituoni. Wanaongea kwa uhakika, kisha kesho yake hawapokei simu. Wanawaumiza watu na hakuna anayewawajibisha.

Shika neno moja: hifadhi, usifute. Ukishaitwa, hata ile "futa kwa wote" ya admini iache. Funga grupu ili maadmini tu ndio waandike, na uandike mstari mmoja kwamba picha haijathibitishwa, isisambazwe. Zima ujumbe unaojifuta wenyewe. Kisha hamisha gumzo zima, mara mbili: pamoja na media, ambapo WhatsApp inatoa jumbe 10,000 za mwisho, na bila media, ambapo inafika 40,000. Kipindi cha uchaguzi grupu la kata linajaza hizo elfu kumi upesi.

Watu wengi wanakwama hapa: faili la maandishi linaandika jina ulilomsevu mtu, namba haimo. "Baba Neema Stendi" hatambuliki mahakamani. Fungua wasifu wa aliyetuma, piga skrinishoti yenye namba yake. Piga nyingine ya ujumbe wenyewe bila kuikata, ionekane saa, na kama ujumbe ulisambazwa kutoka kwingine, alama yake ionekane pia. Usijitumie picha kwa WhatsApp ili kuihifadhi, maana inabanwa na kupoteza taarifa zake za asili. Nakili faili kwa waya kwenye flashi diski mbili, moja akae nayo wakili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime data ilitengenezwaje na ilitunzwaje. Usitegemee kuhifadhi mtandaoni peke yake: tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima na ikarudi Novemba.

Flashi hizo zina namba na maneno ya watu wengine, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Usimgawie mtu.

Kituoni nenda na wakili au ndugu, na una haki ya kuwasiliana nao kabla ya kuandika maelezo. Wakitaka data, kifungu cha 32 cha ile Sheria ya Makosa ya Mtandao kinampa mkuu wa kituo, au ofisa wa cheo kinacholingana, mamlaka ya kutoa amri. Omba kuiona, wakili aisome, ila usiipuuze, kwa sababu kukaidi amri nako kumo kwenye kifungu cha 22. Wakichukua simu, piga *#06# kwanza, IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, iandikwe kwenye hati ya ukamataji mali, usaini wewe na shahidi.

Na kama fundi ameshaichukua, mpigie sasa hivi asiiguse. Kwenye Android, WhatsApp huweka nakala ndani ya simu kila usiku saa nane na hutunza za siku chache tu. Ile ya jana bado imo.